Kuipanga Nyumba kwa Mwaka wa Shule: Mwongozo Kamili kwa Familia za Mombasa

Malalamiko ya wazazi wa hapa Mombasa hayabadiliki mwaka nenda mwaka rudi. Nyumba hupangwa mwishoni mwa Desemba, mabegi mapya yakatundikwa, kabati likafungika bila kusukumwa, na wiki ya kwanza ya Januari ikapita kwa raha. Kufikia wiki ya tatu soksi inatafutwa uvunguni saa kumi na mbili asubuhi, na daftari la Hisabati limelala kwa jirani. Wanaojaribu tena muhula wa pili hukwama pale pale, kwa sababu nguvu zao zote huzielekeza asubuhi.

Asubuhi haina nafasi ya kurekebisha chochote. Vurugu huingia nyumbani pamoja na mtoto mwenyewe, anaporudi shule akiwa na jasho na njaa, na pengine ana muda mchache tu kabla ya kwenda chuoni, yaani madrasa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mlangoni wakati wa alasiri, unapitia kwenye maji na kamba ya kuanikia, na unaifikia asubuhi karibu na mwisho. Hatua zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa kuwa kila moja inaitegemea iliyotangulia.

## Vifaa vinavyohitajika

Soma orodha yote, kisha zunguka nyumbani uone ulicho nacho. Vingi vimo ndani tayari, vimefanyiwa kazi nyingine.

- Kulabu mbili kwa kila mtoto, za plastiki, za mbao au za chuma kisichoshika kutu, na ubao wa kuzifungia.
- Kreti ya plastiki yenye matundu, kwa ajili ya viatu.
- Tenga au kapu linalopitisha hewa, la nguo chafu za shule peke yake.
- Kamba ya kuanikia na vibanio vya kutosha.
- Mitungi ya lita 20 yenye vifuniko, au pipa lenye mfuniko unaobana.
- Kalamu ya wino usiofutika, au sindano na uzi wa rangi.
- Kasha moja la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na bahasha ngumu ya plastiki kwa kila mtoto.
- Kalenda kubwa ya ukutani yenye nafasi ya kuandika.
- Saa ya ukutani isiyochelewa.
- Taa ya kuchaji, kwa usiku ambao stima itapotea.

Tahadhari: usinunue makasha ya ziada kabla ya kumaliza Hatua ya 2. Wengi huanza kwa kununua makasha Kongowea au Marikiti, na mwisho wake vitu visivyohitajika hupata makao mazuri huku vinavyohitajika vikibaki juu ya kiti.

Muda unaofaa ni wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Aliyechelewa Januari anaweza kuutumia mwongozo huu katika likizo ya Aprili au ya Agosti.

## Hatua ya 1: Fuatilia njia ya mtoto

Kabla ya kusogeza kitu chochote, keti mahali unapouona mlango, siku moja ya kawaida, na umwangalie mtoto anavyoingia. Usimkemee wala usimwelekeze. Shika karatasi na uandike kila kitu anachokiweka chini, na mahali hasa anapokiweka. Kama shule zimefungwa, mwombe akuonyeshe anavyofanya. Watoto wadogo huigiza jambo hili kwa uaminifu unaoshangaza.

Chukua mfano wa nyumba ya Kiswahili ya Majengo, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Mtoto hupanda kibarazani, akavua viatu kwa kukanyagia kisigino, kimoja kikabaki mlangoni na kingine kikateleza ndani. Begi hushuka begani hatua chache tu ukumbini, mara nyingi mbele ya chumba cha kwanza. Shati huvuliwa akiwa anatembea. Soksi hufika hadi karibu na bafu, kwa kuwa ndipo anapokumbuka kwamba bado amezivaa. Mkebe wa chakula haufiki popote. Unabaki ndani ya begi hadi kesho yake, nao ndio chanzo cha ile harufu ambayo kila mtu anaisikia na hakuna anayejua inatoka wapi.

Sababu ya hatua hii ni kwamba mtoto aliyechoka hataongeza hatua kumi kwa ajili ya utaratibu wako. Mahali pa kitu panapaswa kuwa pale pale kinapoangukia leo, au hatua moja mbele yake. Ukiweka kulabu ya begi chumbani na begi linaangukia ukumbini, utakuwa msemaji wa kila siku, na kulabu itatundikwa kofia.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye majibu ya maswali manne: viatu vinaachwa wapi, begi linashuka wapi, sare inavuliwa wapi, na mkebe wa chakula unaishia wapi.

## Hatua ya 2: Punguza kabla ya kupanga

Toa sare, viatu, mabegi na vitabu vyote, uvitandaze juu ya mkeka au leso kuukuu. Kila mtoto ajaribu kila vazi mbele yako. Kwa viatu, mwambie asimame, kisha bonyeza mbele ya kidole kirefu zaidi. Panapaswa kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kiatu kinachobana Januari hakitafika Aprili.

Gawa mafungu matatu tu: kinachovaliwa, kinachopelekwa kwa fundi wa cherehani, na kinachotolewa. Fungu la kutoa liondoke nyumbani siku hiyo hiyo, kwa mdogo wa familia au kwa jirani. Likilala usiku mmoja litaanza kurudi kabatini.

Madaftari ya zamani usiyachome. Yale ya muhula uliopita yahifadhiwe, kwa kuwa mtoto huyarejea. Ya nyuma zaidi, chana kurasa safi uzishone pamoja ziwe daftari la kufanyia hesabu za pembeni. Vitabu vya kiada vinavyomngoja mdogo vianikwe kivulini penye upepo kabla ya kuhifadhiwa, kwa kuwa unyevu wa pwani huingia katikati ya kurasa na ukungu hufuata.

## Hatua ya 3: Tengeneza kituo cha mlangoni

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa haipendezi machoni mwa mgeni. Sebule ya watu wenye watoto wa shule itaonekana kuwa na watoto wa shule. Hilo likubalike mapema ndani ya nyumba, na bibi aambiwe, na msaidizi wa nyumbani naye aambiwe. Bibi mwenye mapenzi ya usafi, akiondoa mabegi ukumbini kila wageni wanapokuja, huvunja utaratibu huu haraka kuliko mtoto mtundu.

Funga kulabu kwa usawa wa bega la mtoto, si la mtu mzima. Mtoto wa PP1, yaani wa chekechea, anayelazimika kujivuta juu ya vidole ataliacha begi chini. Ubao ukiwa mmoja, kulabu za wadogo ziwe chini na za wakubwa ziwe juu, na juu ya kila kulabu liandikwe jina.

Kila mtoto apate kulabu mbili. Ya kwanza ni ya begi la shule, ya pili ni ya mkoba wa chuoni. Watoto wengi wa Mombasa husoma sehemu mbili kwa siku moja, na familia nyingi hujaribu kuziendesha zote kwa begi moja. Matokeo yake ni kwamba juzuu hubaki chini ya mkebe wa chakula, kitabu cha Sayansi huenda chuoni, na kofia husahaulika kwenye dawati. Mkoba wa chuoni uwe na vitu vyake peke yake, hata kalamu yake peke yake, na usifunguliwe kwa haja nyingine. Msahafu wenyewe usiachwe ukining'inia penye viatu. Uwekwe juu, kwenye rafu au katika kidaka cha ukutani kwa nyumba zilizo navyo. Familia isiyokuwa na chuo itaitumia kulabu ya pili kwa kwaya, mpira au masomo ya ziada.

Viatu viwe katika kreti yenye matundu, chini ya kulabu. Sanduku lililofungwa huhifadhi jasho, na viatu vyeusi vya ngozi huota ukungu mweupe wakati wa masika hata kama vilipakwa rangi jana. Vikilowa, toa soli ya ndani, jaza gazeti lililokunjwa, kisha viweke penye upepo wa feni. Usivianike kwenye jua kali, kwa kuwa gundi huachia na soli hufunguka mdomo.

Tahadhari kuhusu kuta ni muhimu. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa; msumari huingia kwa urahisi na hutoka kwa urahisi zaidi, ukiacha tundu linaloendelea kumomonyoka. Huko tumia fremu inayosimama yenyewe, wala usiguse mbao za mlango wa nakshi. Katika nyumba za matofali ya saruji, toboa kwa keekee na utumie skrubu na plagi za plastiki. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hapendi kutobolewa kuta atatumia fremu vile vile. Kulabu za chuma cha kawaida ziepukwe kila mahali: hewa ya bahari ina chumvi, kutu huanza mapema, na alama ya kutu kwenye mkanda wa begi huhamia begani mwa shati jeupe, nayo haitoki.

Utajua umefaulu mtoto akiweza kuingia, kuvua viatu, kutundika begi, kuutoa mkebe na kuupeleka jikoni bila kurudi nyuma hata mara moja. Mpe wiki mbili za kukumbushwa kwa upole. Baada ya hapo, kama kitu kimoja bado kinaanguka chini, kihamishie kituo chake pale kinapoanguka.

## Hatua ya 4: Panga sare kwa kufuata maji, si kwa kufuata siku za wiki

Miongozo mingi husema mtoto anahitaji sare mbili. Inatoka kwa watu ambao bomba lao hutoa maji kila siku. Mombasa, mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na kati ya zamu mbili watu hununua mitungi kwa mkokoteni au huteka kisimani maji ya chumvi. Idadi ya sare basi hutokana na hesabu hii:

Siku zinazopita kati ya kufua na kufua, ukijumlisha siku ambazo nguo huchukua kukauka.

Anayefua kila baada ya siku mbili, wakati wa kaskazi ambapo nguo hukauka kwa siku moja, anahitaji mashati matatu. Aprili hadi Juni, mvua za masika zinapofanya nguo ile ile ichukue siku mbili, anahitaji manne. Sketi, kaptura na suruali huvumilia siku mbili mwilini, kwa hiyo mbili zatosha. Soksi hazimo katika hesabu hii, kwa kuwa zinafuliwa kila jioni, na mwenye kuzifua ni mtoto mwenyewe akiwa anaoga. Mtoto wa gredi ya tatu analiweza jambo hilo bila shida. Sweta, kwa joto la hapa, moja inatosha, na shule isiyoilazimisha imekupunguzia gharama.

Yatumie maji kwa mpangilio. Nguo nyeupe zifuliwe kwanza, za rangi zifuate katika maji yale yale, soksi na vitambaa vya jikoni viwe mwisho, kisha maji hayo yadekie sakafu au yamwagwe chooni. Kama una maji ya chumvi na maji matamu, fua kwa ya chumvi ukikubali kwamba povu litakuwa haba, lakini suza mara ya mwisho kwa maji matamu. Maji ya chumvi yakiachwa yakauke kwenye kitambaa, shati huwa gumu, na baada ya muda weupe wake hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Watu hulaumu sabuni bure.

Anika nguo zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Jua la Januari na Februari huchujua rangi ya buluu na kijani kwa muhula mmoja. Vibanio viwekwe kwenye mshono wa ubavuni, na nafasi ya kiganja iachwe kati ya nguo na nguo ili upepo upite. Wakati wa masika, kamba ya pili ifungwe ndani, chini ya feni ya dari kama ipo.

Tia alama kila vazi. Sare zote hufanana, na shati linalopotea shuleni halirudi bila jina. Andika ndani ya ukosi kwa wino usiofutika. Kwenye kitambaa cheusi, shona herufi mbili kwa uzi mweupe. Kwa ndugu wanaorithiana nguo, tumia jina la ukoo ili usilazimike kulifuta kila mwaka.

Tahadhari ya kwanza: nguo yenye unyevu isiingie kabatini, hata kama pasi imepita juu yake. Bonyeza mshono wa kwapa na kiuno kwa vidole. Pakiwa na ubaridi, irudishe kambani. Vidoa vyeusi vya ukungu vikishaota kwenye pamba haviondoki bila kuidhoofisha nguo.

Tahadhari ya pili ni ya vyombo vya maji vyenyewe. Mbu wa aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, magonjwa ambayo yote mawili yamewahi kuzuka Mombasa, huuma mchana na huzaliana katika maji safi yaliyohifadhiwa nyumbani. Hutaga mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hubaki hai hata pipa likikauka. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakusaidii. Pipa lifunikwe wakati wote, na mara moja kwa wiki kuta zake za ndani zisuguliwe kwa brashi, kwa kuwa katika joto la hapa yai huweza kuwa mbu mwenye mabawa kwa muda wa siku 7 hadi 10. Jaribio la kuwa umefaulu ni jepesi: mulika tochi ndani ya pipa jioni, usione viluwiluwi vikicheza.

## Hatua ya 5: Ijenge jioni

Chukua karatasi uandike saa za familia yako jinsi zilivyo, si jinsi unavyotamani ziwe. Shule nyingi za msingi za kutwa huwaachilia watoto saa tisa na nusu. Chuo huanza baada ya alasiri na humalizika kabla ya magharibi. Kinachobaki kwa kazi ya shule ni kipindi cha kati ya magharibi na isha, na kidogo baada yake. Ni kipindi kifupi, kwa hiyo kisiliwe na kutafuta kalamu.

Meza ya kazi ya shule iwe moja, ile ile ya kulia chakula inafaa, ikishafutwa. Juu yake liwekwe kopo moja lenye penseli, kichongeo, raba, rula na gundi, navyo visiondoke nyumbani kabisa. Vya shuleni vikae begini. Simu zikae chumba kingine, pamoja na ya mzazi. Mtoto huwa mwepesi kuliona jambo la mzazi kumkataza simu huku yeye akiitazama. Taa ya kuchaji iwekwe mahali ambapo mkono utaifikia gizani.

Kazi ikimalizika, begi lifungwe mbele ya mtu mzima, kwa kusoma ratiba ya kesho kwa sauti: somo, daftari, somo, daftari. Mtoto wa PP1 na PP2 kazi yake ni kutundika begi tu. Wa gredi ya kwanza hadi ya tatu ataweka madaftari akisimamiwa. Kuanzia gredi ya nne ajifungie mwenyewe, nawe ukague siku moja moja bila kumtangazia. Wa gredi ya saba hadi ya tisa apige pasi sare yake na, kama moyo unamruhusu, ya mdogo wake.

Sare ya kesho, pamoja na soksi na nguo ya ndani, itundikwe kwa kiango kimoja. Baada ya hapo hakuna kurudi begini. Anayekumbuka jambo akiwa kitandani aliandike kwenye karatasi iliyoko mlangoni.

Umefaulu ikiwa, watoto wakilala, unaweza kupita ukumbini ukaona mabegi yote yamefungwa na viatu vimekamilika jozi.

## Hatua ya 6: Chakula cha kubeba

Tatizo la chakula cha shuleni katika mji huu ni joto. Chakula kilichopikwa kwa tui la nazi huchacha mapema, na wali ulioachwa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili huweza kuumiza tumbo hata ukiwa hauna harufu. Wali wa nazi wa jana, kwa hiyo, kama ulilala kwenye friji, uliwe nyumbani asubuhi ukiwa umepashwa moto sawasawa, usifungwe kwenye mkebe utakaofunguliwa saa saba mchana.

Fungasha vikavu: mahamri, chapati, viazi vya kuchemsha, karanga, ndizi, machungwa. Yai la kuchemsha lipakiwe na ganda lake, na liliwe mapumziko ya kwanza. Mahamri yakandwe jioni ya Jumamosi, yakaangwe Jumapili, na yale ya katikati ya wiki yawekwe kwenye friji. Kitu chochote cha moto kipoe kabla mfuniko haujafungwa, la sivyo mvuke hugeuka maji na chapati huwa kama kitambaa cha kudekia.

Maji ya kunywa yachemshwe usiku na yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko na bomba dogo, ili pasiwe na mkono unaochovya kikombe. Chupa zijazwe usiku huo huo.

## Hatua ya 7: Nyaraka na kalenda

Bahasha ya kila mtoto iwe na cheti cha kuzaliwa pamoja na nakala zake mbili, kadi ya chanjo, ripoti za kila muhula na risiti za karo. Bahasha zote ziingie katika kasha lenye mfuniko unaobana, na kasha likae juu ya rafu bila kugusana na ukuta wala sakafu, kwa kuwa mchwa hupanda kwa kuufuata ukuta. Risiti zinazochapwa kwenye karatasi laini ya mashine hufifia kwa joto ndani ya miezi michache. Zipige picha au uzitolee nakala siku unayozipata. Ukilipa kwa M-Pesa, andika katika daftari moja tarehe, kiasi na namba ya muamala, kwa kuwa simu hupotea na mabishano ya karo hufika muhula wa tatu.

Kalenda itundikwe karibu na kulabu. Andika humo tarehe za kufungua na kufunga kwa kila muhula kama zilivyotangazwa na Wizara ya Elimu, siku za mitihani, mikutano ya wazazi, na tarehe za mwisho za karo. Rangi moja kwa kila mtoto inatosha; zaidi ya hapo ni mapambo.

## Hatua ya 8: Asubuhi yenyewe

Kama hatua zilizotangulia zimefuatwa, asubuhi imebaki na mambo matano: kuamka, kuoga, kuvaa, kunywa chai na kutoka. Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hiyo adhana ya alfajiri husogea kidogo tu mwaka mzima, karibu na saa kumi na moja. Ni kengele ambayo haiishi betri, na hata majirani wasio Waislamu huitegemea.

Panga kwa kurudi nyuma. Anza na saa ya kufika shuleni, ondoa muda wa njiani siku mbaya, kisha ondoa dakika 45 za nyumbani. Siku mbaya ndiyo kipimo, si siku nzuri. Familia ya Likoni ambayo watoto wake husoma kisiwani ihesabu foleni ya feri. Ya Kisauni na Bamburi ihesabu msongamano wa Daraja la Nyali. Anayetegemea tuktuk ahesabu kwamba siku ya mvua atasubiri. Bafu likiwa moja, wakubwa waoge kwanza, kwa kuwa wanaamka kwa urahisi zaidi, na mdogo kabisa aogeshwe mwisho ili asipate muda wa kujichafua.

Saa ya ukutani iwe mahali mtoto anayekunywa chai anaiona. Kumwambia mtoto afanye haraka hakumwonyeshi wakati umebaki kiasi gani. Mshale unaokaribia namba fulani humwonyesha.

## Hatua ya 9: Marekebisho

Kila Jumapili alasiri, toa kila kitu katika mabegi yote, yakung'ute nje, futa ndani kwa kitambaa chenye unyevu, sugua pipa, na soma kalenda ya wiki inayokuja pamoja na watoto. Kazi hii isizidi saa moja. Ikizidi, kuna kitu kisicho na mahali pake, nawe rudi Hatua ya 1 kwa kitu hicho peke yake.

Mwezi wa Ramadhani kwa miaka hii unaangukia muhula wa kwanza, na utaratibu wa jioni hauwezi kubaki ulivyo. Kazi ya shule ihamie kabla ya futari, wakati chuo kinapopunguza saa zake, au baada ya daku kwa wakubwa wanaoamka na familia. Begi lifungwe kabla ya tarawehe. Mtoto asiyefunga apewe chakula cha kubeba kama kawaida, na asiachwe ajitafutie jikoni kwa kuwa tu wakubwa hawali.

Mwisho wa kila muhula, rudia jaribio la viatu la Hatua ya 2 siku ya kwanza ya likizo, si ya mwisho. Wiki ya kufungua shule maduka ya sare ya mjini hujaa hadi nje, na fundi wa cherehani wa mtaani atakwambia urudi keshokutwa.